Rufaa ya PIP: mtu achague kusikilizwa, au iamuliwe kwa makaratasi tu?

#1 Binti_Pangani
Wanajamvi mlioko Uingereza, habari zenu. Naulizia fomu ya SSCS1, ile ya kukata rufaa ya PIP (malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu). Mwombaji ni mama wa miaka 58, magoti yamekwisha na sukari imemharibu nyayo. DWP, idara ya serikali inayotoa malipo hayo, wamempa pointi 6 upande wa maisha ya kila siku na pointi 4 upande wa kutembea, maana yake hapati hata senti, kwa sababu kila upande unaanzia 8. Tuliomba waangalie upya (ndiyo inaitwa MR), barua imerudi na majibu yale yale.

Sasa fomu inauliza: unataka kushiriki kwenye kikao, au kesi iamuliwe kwa makaratasi? Kiingereza cha mama ni cha kuombea maji, na jaji anamwogopa. Wanawe wanasema tiki makaratasi yaishe. Mtu mwingine kasema ukitiki hapo umeshashindwa. Nani mkweli? Zimebaki siku 12 mwezi wa kukata rufaa utimie.

#2 Karani_Mstaafu
Tiki kikao. Msingi wake ni Kanuni ya 27 katika kanuni za mwaka 2008 za baraza la rufaa (tribunal). Lazima kikao kifanyike kabla ya uamuzi wa kumaliza kesi, ila yakitimia mambo mawili kwa pamoja: kila upande umekubali, au haukupinga, iamuliwe bila kikao; na baraza lenyewe limeona linaweza kuamua hivyo. Wengi wanasoma la kwanza wanafunga kitabu. La pili ndilo lenye meno. Hata mkitiki makaratasi, jopo likikuta shimo kwenye ushahidi linaweza kusimamisha na kuagiza kikao.

#3 Mzee_wa_Kahawa
Baraza ninalolijua mimi liko nje ya nyumba, kahawa chungu na kashata, na hapo hakuna anayehukumiwa kwa makaratasi 😄 Tiki kikao dada.

#4 Chuma_cha_Likoni
Nilivyoelewa mimi, ukitiki makaratasi faili linarudi kwa DWP, wanajiamulia wenyewe. Kama ile ya kortini, kesi kusikizwa upande mmoja.

#5 Wakili_Bila_Joho
@Chuma umekosea mara mbili. Kwanza, DWP kwenye hatua hii hawaamui chochote, ni upande wa kesi kama mama. Anayeamua ni baraza, na jopo ni la aina ile ile kukiwa na kikao au bila kikao. PIP kwa kawaida wanakaa watatu: jaji, daktari, na mjumbe anayeujua ulemavu kwa kuishi nao au kwa kazi yake. Kesi za uwezo wa kufanya kazi ni jaji na daktari. Deni la Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ni jaji peke yake. Pili, si upande mmoja, maana kwenye makaratasi DWP nao hawamo chumbani. Hata vikao vyenyewe mara nyingi hawatumi mtu.

Karani #2 yuko sawa, ila kaacha kitu. Kesi inaweza pia kufutwa bila kikao kwa Kanuni ya 8, mfano rufaa iliyopita kikomo cha mwisho kabisa. Huo mwezi mmoja ukichelewa una nafasi ya kuomba uongezwe hadi miezi 12 mingine kwa sababu nzuri, ila usicheze nayo. Siku 12 zinatosha. Tuma kwa mtandao leo, sababu ziwe mistari kumi, ushahidi utafuata.

#6 Nuru_wa_Cardiff
Naona makaratasi yanatukanwa bure. Kuna kesi kikao hakiongezi kitu: pale ubishi ni wa sheria tu na ukweli hakuna anayeupinga. Deni la Universal Credit kwa mfano. Hata kama kosa ni la DWP wenyewe, sheria ya 2012 inawaruhusu kudai hela yao, kwa hiyo barazani unabishana hesabu tu. Hesabu inabishaniwa kwa karatasi vizuri kuliko kwa mdomo. Halafu yupo mtu ambaye kikao chenyewe kitamwangusha, wa wasiwasi mkubwa, haingii chumba chenye watu watatu. Huyo ukimlazimisha humsaidii.

#7 Karani_Mstaafu
@Nuru kwa Universal Credit sawa. Usije ukaichanganya na Housing Benefit tu, ule msaada wa kodi ya nyumba wa halmashauri. Kule, kosa la halmashauri halidaiwi kama mwombaji hangeweza kutarajiwa kujua kuwa analipwa zaidi. Na "alijua au hakujua" ni swali la mtu kukaa mbele yako ukamsikia. Hapo karatasi inakuponza. Tena rufaa ya Housing Benefit inapelekwa halmashauri, haipitii MR.

#8 Msonga_Ugali
Turudi kwa mama wa #1, kesi yake haiko kwenye sheria, iko kwenye mita na dakika. Pointi 4 za kutembea maana yake DWP wanasema anapita mita 50 lakini hafiki 200. Ikionekana anaishia kati ya 20 na 50 ni pointi 8, akitumia fimbo 10, zote malipo ya kawaida. Asipopita 20 ni 12, malipo ya juu.

Haya, fungua barua ya daktari wake. Nina hakika imeandikwa "anatembea kwa shida". Shida ya mita ngapi? Akisimama anapumzika dakika ngapi? Akifika anaweza kurudia baada ya saa moja? Jopo la makaratasi linasoma "kwa shida" halina wa kumuuliza. Kwenye kikao daktari wa jopo anauliza: kutoka mlangoni hadi kituo cha basi unasimama mara ngapi? Unashika nini, ukuta au mtu? Mara ya mwisho kwenda dukani ilikuwa lini, na jioni yake ulikuwaje? Majibu matatu ya namna hiyo yanageuza 4 kuwa 8.

Upande wa maisha ya kila siku zile 6 nadhani ni 2 za kifaa cha kupikia, 2 za kifaa cha kuogea, 2 za kifaa cha kuvalia. Wengi wenye magoti hupewa hizo tatu. Msipoteze nguvu kwenye bafu: kusaidiwa kuingia na kutoka ni 3, jumla inakuwa 7, bado hapati. Kazeni kwenye kupika. Akihitaji mtu wa kumsaidia au kumsimamia ni 4, jumla 8.

#9 Mzee_wa_Kahawa
Jina lako na kupika vinaendana 😄 Kwa hiyo aseme hawezi kusonga ugali?

#10 Msonga_Ugali
Asiseme hivyo peke yake. Kipimo cha sheria ni mlo mmoja wa kawaida wa mtu mmoja, vitu vibichi, jiko la usawa wa kiuno. Ugali wa watu saba haumo. Ila aeleze mkono na mguu vinafanya nini: anasimama dakika ngapi mbele ya jiko, sufuria ya maji anainyanyua nani, nyayo zisizo na hisia zimeshamponza na maji ya moto au la. Na yale manne yasisahaulike: kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya mtu mzima wa afya. Likikosekana moja tu, sheria inahesabu hawezi. Na iwe zaidi ya nusu ya siku, si siku mbaya moja kwa mwezi.

#11 Takwimu_Baridi
Wote mnasema kikao kinashinda kuliko makaratasi. Ni kweli pengo lipo, na kubwa. Lakini sababu mnayotoa siikubali. Anayetiki makaratasi ni nani? Aliyechoka, asiye na mtetezi, asiyetuma hata ukurasa mmoja mpya. Angekwenda kikaoni na mikono mitupu vile vile angeshindwa. Anayetiki kikao mara nyingi ana mtu wa ofisi ya ushauri nyuma yake na barua mbili mpya. Mnalinganisha gunia la mchele na gunia la pumba halafu mnasifu gunia.

#12 Wakili_Bila_Joho
@Takwimu nusu ya hoja nakupa. Nusu nyingine hapana. Mdomo wa mwombaji ni ushahidi, tena ushahidi kamili, hauhitaji kuungwa mkono na karatasi ili ukubalike. Asiye na barua hata moja akiingia kikaoni, akajibu kwa dakika arobaini bila kujikanyaga, kaingia na ushahidi ambao kwenye makaratasi haukuwepo.

#13 Nuru_wa_Cardiff
Na kuna sababu ya tatu, muda. Kesi ya kikao ina tarehe, na taarifa yake inatakiwa ifike angalau siku 14 kabla. Tarehe inamsukuma mtu kutafuta barua. Kesi ya makaratasi haina tarehe. DWP wanapewa siku 28 kujibu rufaa, likija kabrasha lao una mwezi mmoja wa kujibu, baada ya hapo jopo linaweza kukaa siku yoyote bila kukuambia. Wengi barua ya mtaalamu inafika uamuzi ukiwa umeshafungwa kwenye bahasha. Hapo si mdomo wala gunia la pumba, ni kalenda.

#14 Takwimu_Baridi
Kalenda ni sehemu ya gunia.

#15 Kibajuni_Halisi
Naona hakuna aliyegusa kubwa la mama huyu, mkalimani. Ni bure, baraza linalipa, na fomu inauliza lugha na lahaja. Msiandike "Kiswahili" mkaacha. Mbajuni aandike Kibajuni. Mtu wa Barawa aandike Chimwini, maana akiletewa mkalimani wa Dar watabaki kutazamana. Mtoto au jirani msimtegemee kutafsiri, mara nyingi jopo linamkatalia siku hiyo hiyo na kikao kinaahirishwa.

Ila hata mkalimani mzuri wa Kiswahili ana mitego mitatu:

Mguu. Kwetu mguu ni kuanzia paja hadi kidole. Mama anasema "mguu unaniuma", mkalimani anachagua neno moja la Kiingereza, paja-goti-muundi au chini ya kifundo. Rekodi ya daktari inasema wayo. Jopo linaona mama anabadilisha maneno. Aseme goti, aseme wayo, aseme kifundo. Mkono nao vivyo hivyo, aseme kiganja, aseme bega.

Saa. "Naamka saa nne, siwezi mapema." Ikitafsiriwa saa nne ya Kizungu, mama anaamka alfajiri mbichi na ni mtu wa afya njema kuliko jaji. Mzoeze kusema saa nne asubuhi, na mkalimani akumbushwe mwanzoni.

Sijambo. Hili ndilo baya. Mpimaji wa PIP anauliza hali, mama anajibu "sijambo, alhamdulillahi". Kwenye ripoti inaandikwa kwamba alisema anaendelea vizuri. Ipo kwenye makabrasha mangapi! Kwa makaratasi hakuna wa kulieleza. Kikaoni linaelezwa kwa nusu dakika: huo ni uungwana, hata aliye kitandani na dripu anajibu hivyo.

#16 Mtoto_wa_Bukavu
Na sisi wa Kongo msitusahau. Kwetu mtu akisema ana "tansio" ni presha, mkalimani wa Mombasa anadhani ni mambo ya mawazo. Andikeni Kiswahili cha Kongo kwenye fomu.

#17 Mzee_wa_Kahawa
Kiswahili kimoja, wakalimani wanne. Hiyo #15 ya "sijambo" mimi nimeinakili.

#18 Karani_Mstaafu
#15 imenifanya nilegeze kamba kidogo. Hayo yote matatu yanaweza kuandikwa, na mtu anayelazimika kwenda kwa makaratasi basi ayaandike. Ukurasa mmoja wa maelezo ya mama mwenyewe: "ripoti ukurasa wa 31 inasema hivi, maana yake ni hivi". Tumieni namba za kurasa za kabrasha la DWP, si "kule mwanzoni". Asaini, atie tarehe, na aliyemwandikia aseme amemsomea kwa Kiswahili. Haifiki kikao, lakini ni mbali na kutuma fomu tupu.

#19 Chuma_cha_Likoni
Nimesahihishwa, nimekubali. Swali: kikaoni si wanaweza kumwambia atembee wamuone? Mama atadhalilika.

#20 Wakili_Bila_Joho
Hawaruhusiwi. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1998, kifungu cha 20, inakataza jopo kumpima mwili au kumtaka afanye jaribio la kutembea kwa kesi kama hii. Wanachoruhusiwa ni macho. Akitoka kwenye lifti hadi kitini wanamuona, na akikaa saa nzima bila kujigeuza wanamuona pia. Kwa hiyo akihitaji kusimama asimame, asijikaze kwa adabu.

#21 Msonga_Ugali
Ongeza na hatari ambayo haijatajwa humu: baraza linaweza kupunguza. Mama wa #1 hana cha kupunguziwa ila pointi, lakini anayesoma huu uzi akiwa tayari ana malipo ya kawaida na anataka ya juu, ajue jopo linaweza kumvua hata alichonacho. Haki inadai waonye kwanza. Kikaoni onyo linatoka mdomoni mwa jaji, unaomba dakika kumi, unaamua uendelee, uahirishe au uombe kuondoa rufaa. Kwenye makaratasi onyo linapaswa kuja kwa barua, na barua ina njia nyingi za kupotea.

#22 Bibi_Glasgow
Wa Scotland msifuate tarehe za humu! Huku PIP imepisha Adult Disability Payment. Si MR, ni kuomba uamuzi mpya, una siku 42. Wakala wa malipo wa Scotland ana siku 56 kujibu, na kwenda barazani ni siku 31. Baraza nalo ni jingine, la Scotland. Mtu akinakili "mwezi mmoja" wa England ataumia.

#23 Binti_Pangani
Asanteni sana, tuko Leicester kwa hiyo ni ya huku. Maswali mawili. Mdogo wake alishaanza fomu ya mtandao na katiki makaratasi, sijui kama ametuma. Na mwezi uliopita mama kaambiwa macho nayo yameingia sukari. Tulitie?

#24 Karani_Mstaafu
La tiki: hata kama imetumwa, andikeni barazani leo na namba ya kesi kwamba mama sasa anataka kikao. Kabla ya uamuzi kutoka inabadilishwa. Ukishatoka, kusema "nilitiki kimakosa" hakutoshi kuufuta. Kanuni ya 37 inataka kasoro, mfano hati haikufika au taratibu zilivunjwa, na uombe ndani ya mwezi. Njia nyingine ni kuomba maelezo ya sababu za uamuzi ndani ya mwezi, halafu ndani ya mwezi tangu yatumwe uombe ruhusa ya kwenda Baraza la Juu. Kule hawasikilizi magoti upya. Wanaangalia kosa la sheria tu.

La macho: kuwa makini. Kifungu cha 12 cha ile sheria ya 1998 kinafunga jopo kwenye hali ya siku ya uamuzi wa DWP. Kilichoanza baada ya hapo hawakihesabu, kina njia yake ya maombi mapya. Lakini barua ya leo inayoeleza hali ya siku ile inakubalika. Muulizeni daktari wa macho: dalili zilikuwepo tangu lini? Akiandika mwezi na mwaka wa kabla ya uamuzi, inaingia.

#25 Nuru_wa_Cardiff
Kuna njia ya katikati ambayo wanawe wataikubali: kikao cha simu au cha video. Kilienea tangu 2020 na bado kipo, fomu inauliza. Ni kikao kamili, jopo lile lile, mama yuko kwenye kochi lake. Simu inaingia bila kuonyesha namba, kwa hiyo mwambieni asiikate akidhani ni matapeli.

#26 Kibajuni_Halisi
Kwa mama huyu simu siipendi. Mkalimani wa simu na mama wa sukari asiyesikia vizuri ni kelele tatu kwa pamoja, na jopo halioni akikunja uso. Chumbani wanaona. Nauli anarudishiwa, teksi iombewe kibali kabla, si baada.

#27 Nuru_wa_Cardiff
Na safari ya basi mbili kwa magoti yale? Akifika amechoka hata kuongea. Siafiki.

#28 Wakili_Bila_Joho
Angalizo moja kabla hamjagombana. Mkishatuma rufaa, DWP wanaweza kupiga simu kumtaka mama akubali malipo ya kawaida, rufaa ife. Asijibu palepale, na asijibu bila mtu wa Kiingereza pembeni. Aombe iwe kwa maandishi na muda wa kufikiri. Uamuzi mpya wenye faida ukitoka rufaa ya kwanza inakufa, lakini haki ya kukata rufaa dhidi ya huo mpya ipo. Mara nyingine wanachokupa ndicho ulichokuwa unatafuta. Mara nyingine ni nusu yake.

#29 Takwimu_Baridi
Hiyo #28 inanisaidia mimi. Kesi ngapi nzuri zinaokotwa na DWP kwa simu kabla ya kikao? Zinazobaki ndizo mnazohesabu. Bado hakuna aliyejibu #11.

#30 Wakili_Bila_Joho
Zikiokotwa nzuri, vikao vilitakiwa kushindwa zaidi. Vinashinda zaidi ya nusu.

#31 Takwimu_Baridi
Zinaokotwa za pande zote mbili, za makaratasi pia.

#32 Mzee_wa_Kahawa
Hawa wawili wapewe baraza lao, na mimi nilete kahawa.

#33 Binti_Pangani
Nimeongea na mdogo wake, fomu haikuwa imetumwa. Tumebadilisha: kikao cha ana kwa ana, mkalimani wa Kiswahili cha Tanzania, teksi tunaombea kibali. Sababu tumeandika mistari kumi na mbili, kupika kwanza, kutembea pili. Mama tumemfundisha kusema goti na wayo. Kwenye "sijambo" bado anakataa, anasema hawezi kumvunjia jaji heshima.

#34 Kibajuni_Halisi
Mwacheni aseme sijambo. Halafu aendelee: "sijambo, lakini jana usiku sikulala."